Mtunza pakiti, na kwa nini namba ya toleo inadanganya
Kijana anayenisaidia kwenye kabanda kangu ka kuchapa na fotokopi hapa Nyawera, Bukavu, juzi aliandika `sudo apt update` (apt ni chombo cha kuleta na kusasisha programu za kompyuta), akaangalia mistari ikipita, akasema: "Papa, mashini iko sawa, nimeisha." Kumbe bado. Amri ile inaleta orodha tu. Ni kama kuzunguka soko la Kadutu ukiuliza bei, kisha urudi nyumbani na kikapu kitupu. Anayenunua ni `apt upgrade`.

Kinachonunuliwa hapo ndicho pakiti: programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake, yaani toleo lake, pakiti nyingine inazozitegemea, na mahali faili zake zitakapokaa. Katika Debian, mradi wa mfumo endeshi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, faili hilo huishia na .deb. Mtunza pakiti ni mtu, mara nyingi wa kujitolea, anayechukua msimbo kwa walioandika programu, akaufunga, akapokea malalamiko ya watumiaji na kuyafuatilia.

Kazi yake kubwa haionekani. Watu huniuliza kwa nini Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ina programu "za zamani". Tundu la usalama likigunduliwa, kwa kawaida mtunzaji halileti toleo jipya lote na mabadiliko yake yote. Anachukua marekebisho ya tundu lile peke yake na kuyashona kwenye toleo lililopo. Ndiyo maana tunasema kiraka: suruali ni ileile, goti limezibwa. Namba ya mbele haibadiliki, mkia tu ndio unaosogea: deb12u1, kisha deb12u2. Anayesoma namba ya mbele na kuacha mkia ataogopa bure.

Pakiti mpya huingia kwanza tawi, yaani ghala la pakiti, liitwalo Sid, ikasubiri siku kadhaa. Isipoonyesha hitilafu kubwa inavuka kwenda tawi la majaribio, na kila baada ya kama miaka miwili hivi tawi hilo hugandishwa na kutolewa kuwa toleo thabiti. Kusubiri huku kunachosha, nakubali. Lakini tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, aliyeshangaa kuona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, kunachelewa kama nusu sekunde, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yamefichiwa mlango wa siri. Aliyeuweka alikuwa ameshaaminiwa kuwa mmoja wa watunzaji wa xz yenyewe. Matoleo hayo yalikuwa yamefika Sid na tawi la majaribio. Debian 12 ilikuwa bado na 5.4.1.

Sasa mambo ya mega, yaani data za intaneti, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mashini ya kwanza isasishe kwa `apt-get upgrade`, si `apt upgrade`, kwa sababu `apt` hufuta faili za .deb ikimaliza kuziweka, na `apt-get` huziacha ndani ya /var/cache/apt/archives. Zinakili kwa flashi, uziweke kwenye folda ileile ya mashini ya pili, mradi iwe na toleo lilelile la Debian. Hiyo ya pili italeta orodha yake yenyewe, italinganisha alama za kila faili na orodha, na zikilingana haipakui tena. Nina mashini nne. Mega nalipa karibu za moja.