Neno "siri" limetuponza

Kwa miaka kadhaa nilisimama mbele ya watoto wa darasa la pili na la tatu hapa Kigoma mjini nikiwaambia, "Hizi ni sehemu zenu za siri, mtu asiziguse." Nikirudi ofisini naona nimefanya kazi. Kisha mama mmoja wa Mwanga akaniletea mwanawe wa miaka minane anayechechemea. Mama alikuwa na hofu asiyoweza kuitamka. Kumbe ni jipu, limemtoka juu kabisa ya paja, na mtoto amelificha siku tano. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama namtega. "Si ulisema ni siri?"

Neno hilo nimeliacha. Sasa nasema uume, uke, matako, kwa sauti ileile ninayotajia goti na kiwiko. Siku ya kwanza darasa zima hucheka, siku ya tatu wanataka tuendelee na somo. Wanaochelewa kuzoea ni wazazi. Bibi mmoja alinijia juu kwamba namfundisha mjukuu wake matusi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Akiumia hapo, atasemaje?" Akafikiri, akasema atasema "huku". Mbele ya daktari au askari, "huku" ni wapi?

Kazi yangu ni ustawi wa jamii, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni maneno: mtoto ana maneno gani mdomoni siku ya shida, na anajiambia nini moyoni kabla hajafungua mdomo. Mengi tunayompa tumemfundishia heshima, na heshima ni jambo jema. Ila jaribu zoezi hili, mimi hulifanya na watoto wanaotumwa alfajiri kununua dagaa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi. Najifanya mvuvi. Nasema, "Binti, njoo huku nyuma ya mtumbwi nikuongezee." Karibu wote huinamisha kichwa, husema asante, na hunifuata. Ukimuuliza ulikuwa unawaza nini, anajibu, "Nikikataa utasema sina adabu." Mwingine: "Mimi mtoto tu."

Hapo ndipo penye kazi. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto mdogo hujisemesha kwa sauti anapohangaika na jambo, na maneno hayo baadaye huzama ndani yakawa fikra. Ukimsikiliza wa miaka mitano akijenga nyumba ya mchanga utayasikia: "Hapana, weka hapa. Tena." Na mengi aliyazoa kwetu. Aliyeitwa kichwa maji kila akikosea hesabu, akikosea peke yake atajiita hivyohivyo, hahitaji tena mtu wa kumwita.

Dawa siyo kumsimamisha mbele ya kioo aimbe "mimi ni mshindi". Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake huko Kanada waliwapa watu sentensi ya kujisifu wairudierudie; wale waliokuwa wakijidharau tangu mwanzo walijisikia vibaya zaidi. Hao walikuwa watu wazima, lakini nayaona kwa watoto pia: sifa asiyoiamini humkumbusha tu anavyojiona. Kiswahili kimetupa njia fupi. Mtoto akisema "siwezi", mwambie aseme "sijaweza". Akisema "sijui", aseme "sijajua". Haongopi, na mlango haujafungwa. Sisi wenyewe tukiulizwa kama ugali umeiva hujibu "bado", na hakuna anayekufa moyo.

Kwenye usalama, sentensi ya kujiambia lazima nayo iwe ya kweli. Ninayoifundisha ni hii: "Mwili ni wangu, nikikataa sitapigwa." Nusu ya pili ni ahadi ya mzazi. Kama nyumbani anapigwa kwa kumnyima mjomba mkono, hapo namfundisha uongo. Kwa hiyo siku hizi somo nalianza na wazazi.

Tena nawaomba wasimtishe mtoto na mgeni peke yake. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kesi zinazofika mezani kwangu, mara nyingi mtuhumiwa ni mtu ambaye mtoto humwamkia kila asubuhi. Huyo hatumii nguvu mwanzoni. Anatumia shilingi mia tano na "usimwambie mama". Ndiyo maana watoto nawapa kipimo: zawadi ya Idi inafichwa, lakini Idi ikifika kila mtu anaiona. Jambo linalofichwa lisilo na siku ya kufichuliwa, sema.

Akisema, usifoke, usimhoji kama mahakama. Mwambie umemwamini. Kama ameingiliwa, usimwogeshe wala kufua nguo zake. Mpeleke hospitali upesi, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Kumalizana kifamilia kwa mbuzi na radhi kunamlinda mtu mmoja tu, na siyo mtoto.

Wiki iliyopita nilimketisha mama na binti yake wa miaka tisa, mama akarudia ahadi baada yangu: ukimkatalia mtu mzima kwa ajili ya mwili wako, sikupigi, hata ukirudi na ndoo tupu. Binti akawa anaviringisha upindo wa kanga ya mama yake kidoleni.

"Na hela ikipotea?"

Mama akanitazama mimi kwanza. Kisha akamgeukia mtoto. "Hata hela ikipotea."