Ndara za mpira hazikingi ubao mama

Ukinunua ubao mama wako wa kwanza (motherboard, ile sakiti kuu ya kompyuta) pale Luthuli Avenue, Nairobi, huenda ukapewa na ushauri wa bure: vaa ndara za mpira unapoufunga, stima isije ikauunguza. Ushauri wenyewe ni wa siku nyingi na nia yake ni njema, ila umechanganya mambo mawili.

Mpira husaidia mtu anaposhika waya wa stima, kwa kuwa huzuia mkondo kupita mwilini kwenda ardhini. Ubao mama tishio lake ni umeme tuli, ule unaojilimbikiza mwilini unapovua sweta au kutembea juu ya zulia, hasa hewa inapokauka mwezi wa Februari. Hapo mpira ndio unaoharibu: unaufungia mwilini, ukikosa pa kutokea mpaka kidole kiguse chipu. Kwa kawaida mtu huhisi mshtuko huo ukifika volti 3,000 hivi. Zipo chipu zinazoumia kwa volti zisizofika 100. Unaweza kuiua ramu (chipu za kumbukumbu ya kompyuta) na usihisi lolote.

Basi utoe umeme huo mapema. Funga pawa saplai (kile kifaa kinachoipa kompyuta stima) ndani ya kasha la kompyuta, ichomeke ukutani swichi ikiwa imezimwa, uguse chuma tupu cha kasha kila baada ya muda. Pini ile ndefu ya plagi ni ya athi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, na swichi haiikati (mradi nyumba yenu ina athi ya kweli, si pini ya urembo). Ubao ushike kwa kingo.

Ndara vaa ukipenda. Sakafu ya simenti Julai haina huruma.