Bagi ya rimoti ya brashilesi: yale watu wanayoamini kabla ya kununua, na ukweli wake

Mtu akitaka bagi ya rimoti ya umeme ya brashilesi, yaani kigari cha kuchezea chenye mota isiyo na brashi, kile cha kukimbizia kwenye vumbi na matuta, swali la kwanza huwa ni inakimbia kilomita ngapi kwa saa. Naelewa, spidi ni tamu. Ila namba hiyo ya kwenye boksi ndo inayopoteza wanunuzi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo naanza nayo.

Dhana: boksi limeandikwa kilomita 80 kwa saa, basi itakimbia hivyo.

Mara nyingi spidi hiyo imepimwa kwenye lami iliyonyooka, kwa betri ya 3S badala ya 2S (S ni idadi ya seli zilizoungwa mfululizo, zikiongezeka volti zinaongezeka), na kwa pinyoni kubwa (ile gia ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota) ambayo pengine inakuja imefungwa pembeni kwenye kifuko. Sasa ukiifunga hiyo pinyoni halafu ukaingia kwenye mchanga, mota inavuta umeme mwingi mno, inachemka, tairi zinazunguka bure na gari haliendi popote la maana. Kwenye njia mbovu pinyoni ndogo inakupa gari linalochomoka vizuri kwenye kona, halichemki, na betri inakaa zaidi. Yaani bagi ya rafu haihitaji kabisa hiyo spidi ya boksi.

Dhana: KV kubwa ndo nguvu kubwa.

Hapana, na hii inarudiwa sana hadi inakera. KV ni mizunguko ya mota kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haijabeba mzigo. Basi. Piga hesabu mwenyewe: mota ya KV 4000 kwa betri ya 2S yenye volti 7.4 inatoa mizunguko 29,600 kwa dakika, na mota ya KV 2000 kwa 4S yenye volti 14.8 inatoa 29,600 hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kwa nguvu ileile hii ya 4S inavuta kama nusu ya ampea, na ampea zikipungua joto linapungua kwenye waya, kwenye soketi na kwenye kidhibiti mwendo (kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota). Ndo maana bagi za saizi ya 1/8 (moja ya nane ya gari halisi), ambazo zina kilo tatu na ushee, nyingi zinatumia mota nene ya KV 2000 hivi na betri ya 4S. Ukitaka kujua uwezo wa mota angalia kwanza ukubwa wake: ikiandikwa 3650 ina kipenyo cha milimita 36 na urefu wa 50, ikiandikwa 4074 unajua umeshika kitu kizito zaidi. KV iangalie baadaye, pamoja na betri utakayotumia.

Dhana: brashilesi haiharibiki.

Haina brashi za kaboni za kulika, hilo kweli, na ndo raha yake. Lakini beringi zipo na zinakufa, na sumaku za ndani zikipata joto kupita kiasi zinapoteza nguvu na hazirudi. Nunua kipima joto cha infraredi, ni kitu kidogo sana. Mota ikizidi nyuzi 80 hivi, simama, kisha punguza pinyoni.

Halafu kuna wale wanaorudisha gari dukani kwa sababu linastuka-stuka likianza kuondoka. Mara nyingi sio bovu! Mota isiyo na sensa ikiwa imesimama, kidhibiti hakijui rota (sehemu ya mota inayozunguka) imekaa upande gani, kwa hiyo kinabahatisha mpaka izunguke kidogo. Kama utashindana kwenye uwanja wenye kona za karibu-karibu, lipia yenye sensa. Kama ni kuruka matuta tu, hela hiyo weka kwenye betri.

Dhana: betri ni betri, nitatafuta yoyote.

Hapa tuwe makini jamani. Bagi nyingi zinazouzwa kama tayari kukimbia zinakuja bila betri wala chaja, na hapo bajeti inavurugika. Betri ya Lipo (lithiamu polima), ndo zinazotumika humu, seli moja ikijaa ni volti 4.2, ikishuka chini ya 3.0 inaharibika, na ya kuweka kabatini iache kwenye 3.8 hivi. Chaja iwe inayosawazisha seli, kikomo cha volti kwenye kidhibiti (pale kinapokata umeme betri ikishuka) kiwekwe cha Lipo, na usichaji ukatoka ukaiacha peke yake. Zile C za kwenye lebo (betri inaweza kutoa ampea mara ngapi ya ujazo wake) zichukue kwa tahadhari maana wengi wanazitia chumvi: 5000 mAh ya 50C kwa karatasi ni ampea 250, kitu ambacho betri ya bei poa haifikishi.

Dhana: badilisha plastiki zote uweke aluminiamu.

Mkono wa nailoni unaoshika tairi ukigonga jiwe unapinda na kurudi. Wa aluminiamu unapinda unabaki hivyohivyo, au unapeleka kishindo kwenye kipuri cha ndani ambacho ni ghali zaidi. Bora uhakikishe mikono, shafti na gia za difu za modeli hiyo zinapatikana kirahisi, maana utavunja, kila mtu anavunja. Pa kuweka chuma ni gia za sevo (kimota kinachogeuza tairi za mbele).

Dhana: bagi inapita popote.

Iko chini. Majani marefu yanaibeba tumbo. Kama unakochezea ni majani tupu, chukua monsta traki, ile yenye tairi kubwa iliyoinuka juu.

Dhana: haiingii maji, basi naipitisha kwenye madimbwi.

Kisichoingia maji ni elektroniki tu. Beringi zinashika kutu, na matope yanakaa humo ndani yakisaga. Ukishapita majini, ipulizie upepo ikauke siku hiyohiyo na uweke mafuta kwenye beringi. Maji ya chumvi yakwepe kabisa.