Somo la nyumbani kwa mtoto mwenye ulemavu mkubwa: anzeni na kunawa mikono

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo pamoja na ulemavu mkubwa wa akili akirudi nyumbani likizo ya Juni au Desemba, wazazi wengi humnunulia daftari na kumkalisha mbele ya herufi. Wiki haiishi, pande zote mbili zimechoka. Nia ni njema, ila somo limekosewa. Kwa mtoto huyu, shughuli za nyumbani ndizo masomo: kunawa, kula, kuvaa, kuomba maji. Chagueni moja tu inayofanyika kila siku, mkae nayo hadi aishike.

Tuchukue kunawa mikono. Mtu mzima anakuona kunawa ni kitendo kimoja, kumbe ni hatua saba: kusogea kwenye maji, kupandisha mikono ya nguo, kulowesha, kushika sabuni, kusugua, kusuuza, kujifuta kwa taulo. Ziandike, kisha fundisha kuanzia mwisho. Yaani hatua sita za kwanza mnazifanya pamoja, ya saba unamwachia. Akijifuta mwenyewe mara nne kati ya tano, kwa siku tatu mfululizo, mwachie na kusuuza. Ndivyo mnavyorudi nyuma hadi hatua ya kwanza. Faida yake ni kwamba kila siku anayemaliza kazi ni yeye, na chakula kinafuata papo hapo. Ukianzia mwanzo, atafanya hatua moja kisha anyang'anywe kazi, asielewe hata alisogezwa pale kwa nini.

Mkono wake usiukamate kwa juu na kuuburuza. Weka wako chini, wake uwe juu, ili aweze kuutoa asipotaka. Kwa mtoto asiyeona hili ni la lazima, maana mikono ndiyo macho yake. Anavyozoea, punguza msaada: mguse kiwiko tu, baadaye onyesha kwa kidole, mwishowe neno peke yake. Msaada usiopungua unamfundisha kungoja mkono wako.

Kinachoharibu zaidi ni haraka. Sema "futa mikono" mara moja, kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mtoto huyu anahitaji muda wa kulielewa neno, na muda mwingine wa kuutuma mwili. Ukirudia agizo baada ya sekunde tatu, au shangazi na kaka nao wakapaza sauti, unamlazimisha aanze upya. Kumi ni ndefu kwa anayesubiri. Isubirini hivyo hivyo.

Kabla ya yote hayo, aketi vizuri. Nyonga ziguse nyuma ya kiti, magoti yakunjike, nyayo zikanyage chini au kwenye boksi gumu. Miguu ikining'inia, nguvu zote zinaishia kwenye kujizuia asianguke, mikono haibakiwi na kitu. Kiti cha plastiki kikiwa kikubwa, jaza nafasi ya mgongoni kwa blanketi lililokunjwa, na pembeni weka kanga zilizoviringishwa. Kumkalisha mkekani miguu ikiwa imenyooshwa hakumfai mtoto ambaye misuli ya nyuma ya mapaja imekaza: inamvuta nyonga, anapinda mgongo na kuteleza.

Asiyesema naye achague. Shika kikombe mkono mmoja na sabuni mwingine, usawa wa macho yake, uviache mbalimbali kiasi cha rula moja. Mwulize anataka kipi, ungoje atazame au anyooshe mkono. Kisha badilisha pande na umwulize tena, kwa kuwa wapo watoto ambao shingo huwapeleka upande mmoja, nasi tukadhani wamechagua. Angalia pia kilicho nyuma ya vitu hivyo. Kanga yenye maua mengi humeza kikombe kwa mtoto ambaye ubongo wake unapata shida kuchambua anachokiona. Tandika kitambaa cheusi kisicho na maua, kikombe kiwe chekundu au cha njano.

Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, wakati ambao yu macho na hana njaa. Mwenye kifafa aachwe apumzike baada ya kushikwa, na dawa zisikatizwe kwa sababu ya likizo. Kifafa kikizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali.

Haya hayachukui nafasi ya shule. Tanzania Bara, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama watoto wengine. Kwa hiyo kila jioni andikeni mstari mmoja: hatua gani, mara ngapi kati ya tano, kwa msaada upi. Shule zikifunguliwa daftari hilo liende naye, mwalimu aendelee pale pale mlipoishia, kwa neno lile lile, na ikiwezekana kwa taulo ile ile.