Mgomo baridi wa marubani unavyokula mafuta

Mgomo uliotangazwa ni rahisi kuuhesabu: safari zilizofutwa, hoteli zilizolipwa. Mgomo baridi, yaani marubani kuacha kimyakimya hisani wanayoipa kampuni ya ndege bila kutangaza mgomo, ndio unaosumbua, maana hakuna wa kumshtaki. Kila rubani anafuata kitabu cha kanuni neno kwa neno.

Chukua Airbus A320 iliyo kwenye foleni ya kuruka. Nahodha mwenye moyo na kampuni hutembeza ndege kwa injini moja, ya pili akaiwasha dakika chache kabla ya kuruka. Injini moja ardhini hunywa takribani kilo 5 hadi 6 za mafuta kwa dakika, kwa hiyo foleni ya dakika 15 huokoa kama kilo 50. Akichukizwa na kampuni, anawasha zote mbili, na kosa hana.

Mafuta ya ziada nayo, neno la mwisho ni lake. Tani 1 iliyoongezwa kwenye safari ya saa 8, zaidi ya kilo 200 huungua kwa kubeba uzito wake tu.

Lakini pigo kubwa liko kwenye saa za kazi. Kanuni za Ulaya zinamruhusu nahodha, dharura ikitokea, kurefusha zamu ya marubani wawili hadi saa 2 baada ya kuzungumza na wenzake. Anaruhusiwa, halazimishwi. Akikataa, ndege inalala ugenini, abiria 180 wanatafutiwa vitanda, na safari ya alfajiri haina ndege wala wahudumu. Hapo fidia ya Umoja wa Ulaya inaweza kufika euro 250 hadi 600 kwa kichwa.

Shirika la ndege la Marekani, United, lilionja hayo kiangazi cha 2000, marubani walipokataa kazi za muda wa ziada na ratiba yote ikavurugika. Ratiba inayotegemea hisani ya watu, kwa kweli, ilikuwa na upungufu wa marubani tangu mwanzo. Shirika jingine la huko, American, lilikimbilia mahakamani Februari 1999 baada ya marubani "kuugua" kwa wingi. Chama chao kikatozwa zaidi ya dola milioni 45. Mahakama ilimrudisha rubani kazini. Kuzima injini moja kwenye foleni, hilo halikuwamo kwenye amri.

Anayetaka kujua hali mapema aangalie wastani wa mafuta yanayoongezwa juu ya mpango, na hitilafu zinazoandikwa kwenye daftari la ufundi ndege ikiwa ugenini badala ya kwenye kituo cha nyumbani cha kampuni. Aangalie wastani wa kundi zima. Ukimwita nahodha mmoja ajieleze kuhusu mafuta yake, kesho wenzake wote wataongeza.