Je, wajua kwa nini kamera ya zamani humwonyesha mtu mmoja mara mbili?

Chukua Leica, FED, Zorki au Canonet ya zamani, weka jicho kwenye kidirisha chake cha nyuma, na umtazame mtu aliyesimama mbele yako. Katikati utaona kidoa, mara nyingi cha manjano hafifu, na ndani ya kidoa hicho mtu huyo ana pua mbili, ama pacha wake anamtoka ubavuni. Hapa Lubumbashi nimewasikia vijana wengi waliorithi kamera ya babu wakimwambia fundi: "Papa, apareyi hii imekufa, inaona mbili-mbili." Haijakufa. Kuona mbili ndiyo kazi yake, na matatizo yataanza siku itakapoacha kuona mbili.

Kamera za aina hii wapiga picha wetu huziita za telemeta, kwa jina la kile kifaa cha ndani kinachopima umbali. Ili uelewe kinavyopima, nyosha mkono, simamisha kidole gumba, fumba jicho la kushoto, lifumbue, kisha fumba la kulia. Kidole kinaruka upande. Kilete karibu na pua, kinaruka zaidi. Ukitazama mti ulio mbali, hauruki hata kidogo. Macho mawili yaliyoachana hukitazama kitu kimoja kwa pembe mbili, na kadiri kitu kinavyokaribia ndivyo pembe hizo zinavyozidi kutofautiana. Ukijua macho yameachana kiasi gani na pembe ni ipi, umbali umeshaujua. Ni hesabu ya pembetatu, ile ile ya shule ya sekondari.

Kamera ya telemeta nayo ina macho mawili. Tazama uso wake: juu upande mmoja kuna dirisha kubwa, na sentimita chache kando yake kuna kidirisha kidogo. Mwanga wa dirisha kubwa unanyooka hadi kwenye jicho lako, ila njiani unapita kwenye kioo kilichopakwa madini kwa utando mwembamba mno, kinachopitisha sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine. Mwanga wa kidirisha kidogo unageuzwa pembeni, unakifikia kioo hicho kwa ubavu, na kuungana na ule wa kwanza. Hapo unapata picha mbili juu ya kidoa kimoja, kila moja ikitoka kwenye jicho lake.

Sasa zungusha lenzi. Pacha anaanza kutembea. Ndani ya kamera kuna mkono mdogo wa chuma unaoegemea mgongo wa lenzi. Lenzi ikisogea mbele au nyuma, mkono unasukumwa, nao unageuza kioo au kisehemu cha lenzi kwenye njia ya mwanga wa kidirisha. Pale pua mbili zinapokuwa moja, pembe imelingana na umbali halisi wa yule mtu, na lenzi yenyewe imeshafika mahali inapotakiwa kuwa ili sura yake itue sawasawa kwenye filamu. Bonyeza. Kamera imepima umbali kwa chuma na kioo tu, bila chembe ya umeme. Mimi hili bado linanishangaza kila ninapofungua kifuniko cha juu na kuuona ule mkono ukicheza.

Udogo wa pembe zenyewe ni wa kutafakari. Kwenye Leica M3 ya mwaka 1954, macho mawili yameachana milimita 68.5. Mtu akiwa mita 1 mbele yako, pembe ni karibu digrii 4. Akirudi hadi mita 10, inabaki digrii 0.4 hivi. Kwenye mita 100 ni 0.04. Ndiyo maana telemeta ni hodari sana kwa vitu vya karibu na hupoteza makali kadiri unavyokwenda mbali. Bahati nzuri hitaji letu nalo liko hivyo hivyo: lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/2, yaani tundu lake likiwa pana, ikimlenga mtu wa mita 1, huacha karibu sentimita 5 tu za ukali, yaani za kina kinachoonekana bila ukungu. Jicho likikaa vizuri, sikio limeshapotea. Kwa mbali ukali hutanda wenyewe na kosa dogo halionekani.

Anayetaka kupima mbali sana lazima aachanishe macho. Meli za vita zilifanya hivyo: Yamato ya Japani ilibeba telemeta yenye upana wa mita 15, ili mizinga yake ijue shabaha iko umbali gani baharini. Kanuni ni ile ile iliyomo kwenye kamera unayoshika kwa mkono mmoja.

Kamera zilichukua muda kuipata. Leica ya kwanza, kazi ya Oskar Barnack huko Wetzlar, Ujerumani, ilitoka mwaka 1925 bila telemeta ndani. Mwenye nayo alikisia umbali, au alichomeka kipimo cha pembeni juu ya kamera, akasoma namba, kisha akaihamishia kwenye lenzi. Mwaka 1932 Leica II na Contax ya Zeiss Ikon zilifunga telemeta na lenzi pamoja. Contax II ya 1936 ikaunganisha kupima na kutazama katika dirisha moja, na Leica M3 ikaja kulikamilisha jambo hilo kwa dirisha kubwa na angavu ambalo wengi, nami nikiwemo, wanaona halijapitwa. Urusi na Ukraini zilikuwa na njia yao. FED ilianza kutengenezwa Kharkiv mwaka 1934 kwa kuiga Leica II, na jina lake ni herufi za kwanza za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Zorki ikafuata baada ya vita. Kamera iitwayo Kiev ilizaliwa kwa mitambo ya Contax iliyohamishwa kutoka Ujerumani. Wajapani nao wakashusha bei: Canonet ya 1961 iliuzwa sana kwa sababu mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Kufikia hapo Nikon F ya 1959 ilikuwa imeshaonyesha mwelekeo mwingine, wa kutazama kupitia lenzi yenyewe kwa kioo kinachoruka wakati wa kupiga, na dunia ikaufuata.

Kwa nini basi mtu ahangaike nazo leo? Kwa sababu ya mambo ambayo aina nyingine haijayaleta. Hakuna kioo kinachoruka ndani wakati wa kupiga, kwa hiyo sauti ni ndogo na dirisha halizibiki. Ule mpepeso wa jicho la bibi harusi uliouona ndio ulioupata. Kwenye nyingi, dirisha linaonyesha hata kilicho nje ya fremu, kwa hiyo unamwona mtoto anayekuja mbio kabla hajaingia kwenye picha. Na kwenye nyumba yenye taa moja, kidoa bado kinaonekana. Mapungufu yapo: nyingi hazilengi karibu zaidi ya sentimita 70 au mita 1, na lenzi ndefu haziziwezi.

Lubumbashi ni mahali pazuri kwa matengenezo ya telemeta, kwa sababu ambayo wengi hawajaifikiria. Fundi anapoirekebisha huanza na umbali usio na mwisho: lenzi inazungushwa hadi alama ya ∞, kisha kitu cha mbali sana lazima kionekane kimoja. Kitu hicho kinatakiwa kiwe na mstari wima ulionyooka, kwa kuwa pacha hutembea kulia na kushoto. Miti haifai, majani yanadanganya. Sisi tuna bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, limesimama karibu na teril, kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyushia shaba, na linaonekana kutoka sehemu nyingi za mji. Ukiwa kilomita 2 kutoka hapo, pembe iliyobaki kwa Leica M3 ni digrii 0.002, ambayo kwa kazi hii ni sawa na sifuri. Ukiona mabomba mawili yamesimama bega kwa bega, kuna skrubu ya kuyaunganisha, mara nyingi chini ya kifuniko cha juu au nyuma ya kiskrubu kidogo usoni mwa kamera. Yakiwa yamepandana, moja juu ya jingine, hiyo ni marekebisho mengine, usiichanganye na ya kwanza. Geuza kidogo, tazama, geuza tena. Asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa sababu joto la mchana hulifanya bomba litetemeke machoni.

Baada ya bomba, karibu. Pima mita 1 kwa futi ya fundi nguo au ya seremala, kutoka usawa wa filamu (kamera nyingine zina alama yake juu) hadi kwenye gazeti ulilolibandika ukutani. Kama mgongo wa kamera hufunguka, ufungue kamera ikiwa tupu, nyoosha kipande cha skochi (selotepu) isiyong'aa pale filamu inapolala, weka shata, yaani mlango wa mwanga, kwenye B ili ibaki wazi unapobonyeza, fungua lenzi yote, bonyeza na ushikilie. Gazeti litajichora kwenye skochi, kichwa chini. Litazame kwa kioo cha kukuzia. Herufi zikiwa kali pale pale telemeta inaposema ni moja, lenzi na telemeta zinaongea lugha moja. Zikipishana, usiguse tena skrubu ya mbali. Tatizo liko kwenye ule mkono, au mtu aliwahi kuirudisha lenzi vibaya.

Kosa linaloua kamera nyingi ni la usafi. Kidoa kikififia, mtu hufungua juu, anaona kioo kidogo chenye vumbi, anakipangusa kwa kitambaa. Ule utando wa madini kwenye Leica za zamani, FED na Zorki unaweza kutoka wote kwa mpanguso mmoja, na hapo pacha anatoweka moja kwa moja. Puliza kwa kipuliza cha mpira, basi. Utando ukiwa umeshakwisha, dawa ni kukata kioo kipya cha aina hiyo kwa kipimo kile kile na kukigandisha mahali pa cha zamani. Inawezekana, lakini ni kazi ya kiangazi, meza safi na subira.

Jambo jingine ni jua letu. Kamera hizi hazina kioo mbele ya pazia la shata, na kwenye Leica, FED na Zorki pazia hilo ni la kitambaa chenye mpira. Ukiiacha kamera bila kifuniko cha lenzi, ikitazama jua la Julai juu ya gari, lenzi inalikusanya jua hilo na kulichoma pazia. Tundu lake ni dogo kuliko kichwa cha pini, lakini kila picha itakuwa na doa jeupe. Ili kulipata kwenye kamera ambayo mgongo hufunguka, toa lenzi, ingia chumba chenye giza, fungua mgongo, na umulike tochi kutoka mbele. Tundu dogo sana huzibwa kwa rangi nyeusi ya kitambaa inayonyumbuka. Mengi yakiwepo, pazia libadilishwe.

Canonet na Yashica zina shata ya vipande vya bati jembamba ndani ya lenzi, haichomeki, ila grisi ya miaka mingi huiingia na vipande vikagandana. Huoshwa kwa petroli laini ya kujazia vibiriti, kwa kitone kitone. Sponji nyeusi za mlango wa nyuma hugeuka lami. Zikwangue, weka uzi mweusi wa sufi, hata ule wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, unafaa. Betri za zebaki za volti 1.35 ambazo Canonet za baadaye zilitengenezewa hazitengenezwi tena, lakini zile za hewa za vifaa vya kusikilizia zina volti 1.4 na zinakaribia vya kutosha. Yashica Electro 35 ya 1966 bila betri inabaki na mwendo mmoja tu wa shata. Wakati wa mvua usiiweke kamera kwenye mfuko wake wa ngozi: ngozi hushika unyevu, na kuvu hupanda kwenye lenzi kama nyuzi za buibui. Iache rafuni, penye hewa na mwanga.

Na ukipelekewa "Leica" ya dhahabu yenye nembo za vita kwa bei ya kuvutia, toa lenzi kabla ya kutoa pesa. Ziko nyingi za bandia, zilizochongwa jina la Leica juu ya mwili wa FED au Zorki. Tazama ndani ya mdomo wa kamera, kwenye ncha ya ule mkono unaoegemea lenzi. Kwenye Leica ya kweli kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka. Kwenye FED na Zorki za mwanzo kuna kijulimi cha chuma, hakizunguki. Ukikuta kijulimi, mwambie muuzaji kwa heshima kwamba utailipia bei ya Zorki, kisha tazama dirishani kama pacha bado anatembea.