Uzamili wa filamu haukupi kiti cha mwongozaji

Vijana wengi wa Dar wanaamini kwamba ukisoma filamu hadi shahada ya uzamili, hasa ng'ambo, ukitua tu unakalia kiti cha mwongozaji. Sivyo. Hata Marekani, ambako kozi hiyo mara nyingi huchukua miaka 2 au 3, wahitimu wengi huanzia chini: kubeba taa, kumsaidia mhariri, kusoma skripti za wengine. Cheti chenyewe kina uzito zaidi ukitaka kufundisha chuoni. Kwenye seti utaulizwa umetengeneza nini.

Chukua kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera. Wengi hudhani ni mbwembwe. Kumbe sauti mara nyingi hurekodiwa kwenye mashine yake, na mhariri huoanisha ule mlio na picha ya kibao kikifunga. Kisahau Sinza, bodaboda zikipita, uone mhariri atakavyokutafuta. (Mimi ningemwajiri anayekikumbuka, awe na uzamili au asiwe nao.)

Shule inakupa nini basi? Muda, vifaa, na walimu wanaokukosoa bila kukuonea haya. Halafu wanafunzi wenzako: kazi ikitokea, mara nyingi wao ndio watakaokupigia simu.